Gia Mbili Arudi Chini ya Gari

Gia Mbili alijua kwamba gari lake linaumwa kwa sababu ya bangili za binti yake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Binti yake, mwalimu wa jiografia, alikuwa akimpeleka sokoni kununua kamba za kusukia viti. Walikuwa wameshaingia ile barabara ndefu inayopita nyuma ya maghala ya saruji, barabara iliyonyooka kama rula, isiyo na kona hata ya dawa. Gia Mbili alikaa kiti cha mbele pembeni ya dereva, fimbo katikati ya magoti, anasikiliza. Na alichokisikia ni bangili. Cheng', kimya. Cheng' cheng', kimya. Cheng'.

"Mwalimu," alisema, "tuko wapi?"

"Nyuma ya maghala, Baba."

"Kuna mashimo?"

"Hakuna. Lami mpya hii."

"Unamkwepa mtu?"

"Hakuna mtu, Baba."

"Sasa mbona mikono yako inacheza ngoma?"

Bangili ndizo zilizojibu kwa niaba yake: cheng' cheng'.

Mzee huyu alikuwa ameendesha malori miaka thelathini na mmoja. Jina la Gia Mbili alipewa na madereva wenzake ujanani, tena kwa dhihaka, kwa sababu kwenye mteremko mrefu wa milimani yeye peke yake ndiye aliyekuwa akishuka na gia ya pili tangu juu mpaka chini, huku wenzake wakimpita wakipiga honi na kumtolea ndimi. Miaka ikaenda. Kati ya wale waliomcheka, wawili walimaliza safari zao bondeni. Yeye hakuwahi kuangusha hata gunia. Dhihaka ikageuka heshima, na jina likabaki.

Kisha ikaja presha ya macho. Ilimnyang'anya mwanga kidogo kidogo, kuanzia pembeni, kama mtu anayekukunjia mkeka huku wewe bado umeukalia katikati. Miaka tisa iliyopita aliweka funguo za gari mezani mbele ya mke wake akasema, "Mama Mwalimu, nimeegesha." Basi. Hakuna aliyemwona akilia. Alijifunza kusuka viti kwa kamba, akavisuka vizuri, lakini waliomfahamu walisema mzee amepoa. Alikuwa mtu wa vishindo na vicheko. Sasa ungeweza kukaa naye saa nzima ukasikia kamba tu ikipita kwenye tundu.

Gari lilibaki. Lilikuwa gari dogo la rangi ya maziwa, lenye umri mkubwa kuliko nusu ya walimu waliofanya kazi na binti yake. Binti ndiye aliyerithi usukani wake. Kila siku ya shule alipanda nalo kilima na kushuka upande wa pili.

"Limeanza lini?" Gia Mbili aliuliza.

Binti alivuta pumzi. "Lina miezi miwili, Baba. Sikutaka kukutia wasiwasi. Nikigeuza usukani, mwanzoni ni kama sijafanya kitu. Halafu ndiyo linakumbuka kwamba nimegeuza. Kwa hiyo muda wote nalirudisha huku, nalirudisha kule."

"Fundi anasemaje?"

"Nimempelekea mara mbili. Mara ya kwanza alihamisha matairi, ya nyuma mbele, ya mbele nyuma. Mara ya pili akakaza kitu kwenye sanduku la usukani. Sasa anasema sanduku lenyewe limekufa na la gari kama hili halipatikani tena. Anasema tuliuze kwa wauza vyuma chakavu, kwa kilo."

"Kwa kilo?" Gia Mbili aligeuza uso wake wote kwa binti. "Lipimwe mzani kama viazi? Simama pembeni hapo. Simama!"

Gari liliposimama na injini kuzimwa, alimwambia binti aache ufunguo katika hatua ya kwanza ili usukani usijifunge. Akanyoosha mkono. Ulikuwa mkono wa mtu anayegusa shavu la ndugu waliyepoteana naye. Kwa miaka tisa alikuwa amekaa nusu hatua kutoka kwenye usukani ule na hakuwahi kuugusa, maana aliogopa roho yake itamwuma. Sasa aliushika kwa ncha za vidole viwili akautikisa. Ukaenda, ukaenda, ukaenda, bila kukutana na kitu. Ni kama umemshika mtu mkono ukakuta umeshika mkono wa koti tu.

Alipima kwa vidole vyake pembezoni mwa usukani. Vidole vinne. Vidole vinne vizima vya bure kabla magurudumu hayajapata habari.

Moyo ulianza kumwenda mbio, tena si kwa hofu. Yeye mwenyewe alishangaa.

"Geuza gari," alisema. "Twende nyumbani. Polepole, na gia ya pili."

"Na kamba za viti?"

"Viti vitasubiri. Kazi yao ni kukaliwa, havina haraka."

Mke wake alikuwa uani akianua nguo. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na hata nyumbani aliongea kama mtu anayesoma jalada. Aliposikia mlango wa gari umebamizwa na fimbo inakuja upesi kuliko kawaida, aliacha nguo kambani.

"Ovaroli yangu iko wapi?" Gia Mbili aliuliza kabla hata ya salamu.

"Ovaroli ipi?"

"Ya kazi! Ya bluu!"

"Nilikata matambara ya kufutia vioo."

"Yote?"

"Imebaki miguu," alisema mke wake. "Unaitakia nini?"

"Naingia chini ya gari."

Mama Mwalimu alimtazama binti yake, kisha akamtazama mumewe. "Baba Mwalimu, una miaka sitini na sita. Huoni. Na tumbo lako hilo, chini ya gari utapitia wapi?"

"Tumbo litapita. Nyinyi nileteeni maboksi ya kulalia na zile mbao mbili nene za stoo."

Mbao ziliwekwa mbele ya magurudumu ya mbele, binti akapandisha gari juu yake, breki ya mkono ikavutwa, na mawe manne yakawekwa kukinga magurudumu ya nyuma. Gia Mbili aliyapapasa mawe yote manne, moja baada ya jingine, akalipiga kila moja teke. Hakutaka jeki. Alitaka gari likae kwa uzito wake wote, kwa sababu uzito ndio unaoyafanya magurudumu yagome, na magurudumu yakigoma, kilicholegea hujitangaza chenyewe.

Aligawa kazi kama alivyokuwa akigawa zamani kwenye vituo vya kupakia mizigo. Binti akae kwenye usukani. Mke achuchumae mbele, kiganja kwenye tairi, na tairi likianza tu kujongea apaze sauti. Yeye mwenyewe alivua shati, akalala kwenye boksi, akajisukuma kwa visigino mpaka giza lake likakutana na harufu aliyokuwa ameisahau: oili ya zamani, vumbi, mpira wa moto.

"Geuza, Mwalimu! Kidogo kidogo!"

Kimya. Usukani ulisogea, ulisogea.

"Sasa!" Mama Mwalimu alipaza sauti ile ile aliyoitia mashahidi kwa miaka ishirini na sita. Jirani wa pili alichungulia dirishani.

"Vidole vingapi?"

"Vinne, Baba," binti alisema. Alikuwa amebandika kipande cha plasta kwenye usukani ili asikosee.

Mama Mwalimu alitoa kalamu nyuma ya sikio na kuandika nyuma ya bahasha: *Vinne*.

Chini kule, vyuma virefu vinavyosukuma magurudumu kushoto na kulia, ambavyo mafundi huviita tairodi, vimeunganishwa na vifundo vidogo vya mviringo. Gia Mbili alivijua kwa mpangilio kama vifungo vya shati. Aliweka kiganja kwenye kifundo cha kwanza, akasema tikisa, akasikiliza kwa ngozi. Kimetulia. Cha pili, kimetulia. Kila alipohama aliita namba, na mke wake akaandika. Cha tatu kilikuwa na grisi ngumu lakini hakikucheza. Cha nne, mwishoni kabisa upande wa kushoto, kilimgonga chini ya kidole cha shahada. Tik.

"Tena."

Tik.

"Tena, Mwalimu, tena!"

Tik, tik.

"Nimemkamata!" alipiga kelele, akainua kichwa, na paji la uso likagonga chuma kwa kishindo ambacho hata jirani alikisikia.

"Umeumia?" mke alilia. "Kuna damu?"

"Damu baadaye! Mpigieni fundi simu!"

Fundi alifika mchana. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono mizuri na mdomo usiolala, na gereji nzima ilimwita Profesa.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Kifundo cha nje, kushoto. Weka mkono."

Profesa aliweka mkono, akakubali bila ubishi, akaenda dukani na kurudi na kingine kipya. Kabla ya kufungua cha zamani alihesabu mizunguko ya nati ili kipya kikae pale pale, na Gia Mbili, aliyekuwa amesimama juu yake kama mwamuzi wa mpira, alihesabu naye kwa sauti. Kikafungwa, pini ikapita, na kila mtu akarudi mahali pake. Gia Mbili aliita kabla hata Profesa hajafuta mikono.

"Geuza!"

Usukani ulisogea, ukasogea.

"Sasa!"

"Vingapi?"

Binti alihesabu tena. "Vitatu, Baba."

Profesa alifuta mikono yake kwa kitambaa cha bluu ambacho zamani kilikuwa mgongo wa ovaroli. "Mzee wangu, umenisaidia, nakushukuru. Kile kifundo mimi kilinipita. Lakini vitatu vilivyobaki ni vya sanduku. Sanduku limekwisha."

Gia Mbili alikaa kwenye ngazi ya mlango. Ule moto uliokuwa usoni ulizimika, na binti alipomwona amefumbata fimbo kwa mikono miwili kama vile siku za baada ya kutoka hospitali ya macho, alijuta kuvaa bangili. Chai ililetwa. Hakuigusa.

Mama Mwalimu alikuwa bado ameshika bahasha yake. "Kwa mujibu wa kumbukumbu," alisema, "kidole kimoja kimerudi. Vitatu havijulikani vilipo."

"Tumeshasikia, mama," binti alinong'ona.

"Ninauliza tu. Mkono unageuka juu, tairi chini halina habari. Maana yake habari inapotelea njiani. Kule mahakamani barua ikipotea hatukuanza kuitafuta kwa aliyetakiwa kuipokea. Tulianza kwa aliyeituma, tukaifuata meza kwa meza. Nyinyi mmeanzia wapi?"

Gia Mbili aliinua kichwa.

"Kwenye tairi," alisema polepole.

"Ndiyo hapo."

"Nimeanzia kwa mpokeaji." Alisimama wima, chai ikamwagika. "Mama Mwalimu, wewe si mtu wa kawaida! Profesa, fungua boneti! Injini imepoa? Niongoze mkono!"

Profesa alifungua boneti, na pamoja na kwamba hakuamini, aliuongoza mkono wa mzee katikati ya mabomba mpaka nyuma kabisa, karibu na ule ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva. Hapo ndipo mhimili wa usukani unapotokeza kutoka ndani na kuteremka kwenye sanduku. Gia Mbili alipapasa mhimili juu, akaushika kwa mkono wa kulia. Akapapasa chini, pale unapoingia kwenye sanduku, akaushika kwa mkono wa kushoto. Katikati ya mikono yake palikuwa na kitu laini.

"Geuza, Mwalimu. Kama unapapasa mtoto aliyelala."

Mkono wa kulia uligeuka. Wa kushoto ulibaki umelala.

"Rudisha."

Wa kulia ukarudi. Wa kushoto, kimya.

Mzee alianza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda mabegani, mpaka boneti ikatikisika. Mke wake hakuwa amekisikia kicheko kile kwa muda mrefu kiasi kwamba mwanzoni alidhani amepatwa na kitu.

"Profesa, njoo uone mwizi!"

Profesa aliinama na tochi. "Mimi naona vyote vinazunguka, mzee."

"Macho yako ndiyo yanayokudanganya. Yafumbe. Weka mikono hapa na hapa. Fumba kabisa, usichungulie!"

Fundi alifumba macho. Binti aligeuza usukani kulia, akaurudisha kushoto. Uso wa Profesa ulibadilika taratibu, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.

"Toba!" alisema. "Juu kunakwenda, chini kunabaki."

Pale katikati palikuwa na kiungo cha mpira, kapulingi, duara la ukubwa wa kisosi linaloshikanisha mhimili wa juu na wa chini na kuzuia mtikisiko wa barabara usifike mikononi. Kwa miaka mingi oili ilikuwa ikidondoka juu yake kutoka kwenye injini, tone kwa tone, mpaka mpira ukalainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Profesa alipoubonyeza kwa bisibisi, kipande kilimeguka. Kilichokuwa kimeushikilia usukani wa gari lile, kupanda na kushuka kilima kila siku, kilikuwa pini mbili za chuma zilizowekwa na watengenezaji kwa tahadhari.

Binti alishuka kwenye gari, akaegemea mlango.

"Usiogope tena," Gia Mbili alimwambia. "Sasa tunamjua. Lakini kuna jambo jingine. Ukimaliza kona, usukani unarudi wenyewe?"

"Zamani ulirudi. Siku hizi lazima niuvute."

"Tangu lini?"

Profesa alikohoa. "Tangu nilipokaza skrubu ya sanduku, mzee. Mimi ndiye. Nilitaka kupunguza mchezo."

"Ukamkaza asiye na hatia."

"Nimekosa, mzee wangu."

"Ilegeze mpaka pale ilipokuwa. Alama ya kutu itakuonyesha."

Mama Mwalimu aliandika kwenye bahasha, akasoma kwa sauti: "Sanduku limeachiwa huru." Profesa ndiye aliyecheka kwanza, na kuanzia hapo aibu ikamtoka.

Kiungo kipya kilipatikana Jumapili asubuhi, duka la nne. Kabla ya kung'oa cha zamani, Gia Mbili alidai mhimili wa juu na wa chini ukwaruzwe alama kwa tupa, ili kila jino la mhimili lirudi mahali pake na usukani usije ukakaa upande. Alikwaruza mwenyewe, kidole kimoja kikiongoza tupa. Profesa akafunga kipya, akakaza boliti kwa nguvu inayotakiwa, mzee akazipapasa zote na kuomba moja ikazwe tena. Kisha wakanyoosha uzi ubavuni mwa gari, kutoka magurudumu ya nyuma hadi ya mbele, kuhakikisha ya mbele yanatazama mbele.

"Geuza!" aliita.

"Sasa!" Mama Mwalimu alipaza sauti papo hapo.

"Vingapi?"

"Baba," binti alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda kama ya mtoto, "hata kimoja hakitimii!"

Walipakiana wote wanne na kwenda mlimani. Hakuna aliyependekeza, kila mtu alijikuta tu amefungua mlango. Profesa na Mama Mwalimu walikaa nyuma, wameshikilia viti vya mbele. Kileleni binti aliweka gia ya pili bila kuambiwa, na gari la rangi ya maziwa likaanza kushuka huku injini ikinguruma kwa raha. Gia Mbili alikuwa ameweka kidole kimoja tu chini ya usukani, hakusukuma wala hakuvuta, kidole cha kusomea. Alisoma kokoto, alisoma kiraka cha lami, alisoma mahali maji ya mvua yalipokula ukingo.

"Kona ya kushoto inakuja," alisema. "Baada yake kuna daraja dogo."

"Umejuaje, Baba?"

"Nimeshuka hapa mara elfu mbili! Ingia! Mpe! Sasa mwachie, mwachie arudi!"

Binti alilegeza viganja. Usukani ulizunguka wenyewe, laini, ukapita chini ya kidole cha mzee na kusimama katikati.

"Amerudi!" Gia Mbili alipiga paja lake. "Mmeona? Mmeona alivyorudi? Mwalimu, kona nyingine iko wapi? Nipe kona nyingine!"

Waliteremka mpaka chini, wakageuza, wakapanda, wakateremka tena. Mara ya tatu Mama Mwalimu alisema kama kuna anayetaka kuendelea na kesi hii, yeye ashushwe.

Jumanne, Profesa alikuja mlangoni na gari la mizigo la mteja. Lilikuwa linagonga likikata kona ya kushoto tu, na siku nzima alikuwa amelizunguka bila mafanikio. Alimwita mzee pembeni, akaongea kwa sauti ya chini kama anayeomba mchumba. Gia Mbili alikuwa ameshasimama kabla hajamaliza.

Tangu hapo anakwenda gereji siku nne kwa wiki. Haimaanishi kwamba hakosei. Mwezi uliopita aliapa mbele ya watu saba kwamba beringi ya gurudumu moja imekufa, wakaifungua, ikawa mpya kabisa. Mlio ulitoka kwenye jiwe dogo lililonasa ndani ya kifuniko cha gurudumu. Walimtania wiki nzima, wakamwekea lile jiwe juu ya kiti chake. Alikaa juu yake, akatukana, akacheka kuliko wote. Mafundi vijana hawamcheki wanapokuwa peke yao. Wanapokwama, utawaona wameinama ndani ya injini, mikono imezama, macho wameyafumba.

Mke wake analalamika kwamba shuka zote zina alama za vidole vyeusi, na kwamba siku za kazi mume wake anaamka kabla ya jua, anavaa ovaroli mpya, anakaa ukingoni mwa kitanda.

"Saa ngapi?" anauliza.

"Kumi na moja na nusu."

Godoro linatikisika kwa sababu mguu wake hautulii.

"Na sasa?"

"Baba Mwalimu, gereji inafunguliwa saa mbili."

"Najua," anasema, akifunga kamba za viatu kwa mara ya pili. "Leo wanaleta basi."